Mjomba Hastaafu

Utaratibu wa utumishi wa umma Tanzania uko wazi. Ukifika miaka 55 unaweza kustaafu kwa hiari. Ukifika 60 unastaafu utake usitake. Mimi niliingoja hiyo ya lazima, nikiamini kwamba siku hiyo ikipita hakuna tena mwanadamu mwenye haki ya kuniuliza niko wapi na nitarudi saa ngapi. Waliopanga utaratibu huo waliwafikiria walimu, wahasibu, madereva na sisi watu wa masijala. Wajomba hawakuwagusa.

Kwa msiotoka Morogoro, niwaeleze mkasa wenyewe. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika mambo mazito anayesimama mbele ni kaka wa mama. Baba huzaa, hulisha, hulipa ada na kununua sare, lakini barua ya posa ikiingia ndani huigeuzageuza mkononi na kuuliza, "Mjomba ana habari?" Ni utaratibu mzuri mno kwa mtu mwenye dada mmoja. Mimi Mungu alinijalia dada wengi, wote wazima wa afya, wote wenye kizazi kizuri, na hakuna hata mmoja asiyeijua namba yangu ya simu kwa kichwa.

Nikiwa kazini nilikuwa na kinga. Dada akipiga kusema Alhamisi kuna kikao, namjibu kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezungukwa na wakubwa, "Ruhusa imegoma." Hakuna aliyehoji. Katika nchi hii watu hubishana na padri, na shehe, hata na daktari, lakini ruhusa ikishagoma imegoma. Siku zangu 28 za likizo ya mwaka nilizila kimyakimya, ukoo ukidhani niko ofisini nafukua majalada.

Leo kinga hiyo imefutwa. Kila ombi linaanza na maneno yale yale: "Kaka, wewe si upo tu."

Hebu tuitazame siku ya mtu aliyepo tu. Alfajiri namsindikiza mjukuu barabarani kungoja gari la shule, kwa sababu wazazi wake wanawahi kazini. Nikirudi, fundi bomba yuko getini. Mke wangu ameniteua nimsimamie, maana fundi asiyesimamiwa hunywa chai mpaka adhuhuri, na anayesimamiwa hunywa chai hiyo hiyo pamoja na msimamizi. Sijakaa sawa, simu inaita: kuna mzigo umetumwa kwa basi kutoka Dar, mjomba apitie stendi ya Msamvu auchukue. Mzigo si wangu, ni wa mpwa, naye anafanya kazi mahali ambapo akichungulia dirishani anaiona stendi. Napanda bajaji kwa hela yangu, nabishana na makuli, nakabidhiwa kiroba cha viatu vya mitumba kilichosafiri jirani na dagaa. "Ahsante anko, Mungu akuzidishie." Anizidishie nini? Viroba?

Mchana ni zamu ya kuku. Ushauri ambao kila mstaafu hupewa kabla hajarudisha funguo za ofisi ni "fuga kuku", na hautolewi na wafugaji, hutolewa na walaji. Basi nikajenga banda, nikaleta vifaranga wa nyama. Hesabu ya biashara hii kwenye karatasi inapendeza: wiki tano au sita, chakula, chanjo, taa ya kuwatia joto, kisha mnunuzi. Kwenye karatasi hakuna wageni. Mimi nimegundua kwamba kuku wakifikia uzito wa kuuzwa, ukoo nao unakuwa umefikia hamu ya kutembelea.

Tuje kwenye mafao. Historia ya kikokotoo watumishi tunaijua kwa tarehe. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni iliunganishwa, ikaja kanuni ya mkupuo wa asilimia 25, watu wakapiga kelele mpaka Desemba ya mwaka huo huo Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaanza asilimia 33. Bajeti ya Juni 2024 ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakichukua nusu. Vyama vya wafanyakazi vilikaa, wabunge walisimama, magazeti yaliandika. Kikokotoo cha ukoo, ambacho ndicho kinachoniumiza, hakijawahi kufikishwa popote. Chenyewe kinakwenda hivi: chukua mkupuo wa mjomba, gawa kwa wapwa, zidisha kwa shida ya kila mmoja, halafu shangaa kwa nini mjomba bado anapanda bajaji. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaijua hesabu kamili ya mafao yangu, lakini dada yangu wa tatu alishajua yatatosha kuezeka nyumba ya nani.

Mfuko wa pensheni nao hutaka mstaafu ahakikiwe, ili ijulikane bado anapumua na pensheni iendelee. Ukoo hauhitaji utaratibu huo. Ukoo unanihakiki kila siku, na nikichelewa kupokea simu humpigia mke wangu, si kuuliza kama niko hai, bali kama nimeshaondoka.

Nilibakiwa na kisingizio kimoja, barabara. Nusu ya wapwa wangu wanaishi Dar es Salaam, na safari ya basi kutoka Morogoro ilikuwa na heshima yake. Kulikuwa na mizani, kulikuwa na malori, kulikuwa na foleni ya kuingia mjini ambayo ndani yake mtu angeweza kusali rozari, akapumzika, akaianza upya. Ukitamka neno "mgongo", wazee wote walikuonea huruma. Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria. Chini ya saa mbili uko Dar, daraja la kawaida shilingi 13,000. Nchi nzima ilishangilia, na dada zangu walishangilia kuliko nchi. Sasa naitwa kwenye kipaimara Dar asubuhi na kikao cha ukoo Morogoro jioni ya siku hiyo hiyo, na mgongo wangu hauna tena thamani mbele ya baraza. "Kaka, ile treni haitikisiki."

Lakini kazi yenyewe hasa ya mjomba ni mahari. Wanakuja washenga wenye suti zilizonyooka na methali zilizochakaa. Wameona ua katika bustani yetu. Mimi natakiwa nikunje uso na kuuliza ni ua gani, wakati ua lenyewe limenipigia simu tangu juzi likinisihi, "Anko, usikaze sana." Tunakaza hivyo hivyo, kwa ajili ya heshima. Mkaja wa mama unajadiliwa, blanketi la bibi linajadiliwa, na kuna mzee mmoja wa upande wetu ambaye hulala tangu dua ya kufungua mpaka litajwe neno mbuzi. Fungu la mjomba lipo, mila inalitambua. Hunifikia mkononi, na kabla sijafika mlangoni limeshageuka kuwa mchango wangu kwa harusi ile ile. Niliwahi kuwakumbusha dada zangu kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikutolewa, kwa hiyo kisheria vikao hivi vyote tungeweza kuviacha. Dada mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. "Waliotunga hiyo sheria," akasema, "hawakuwa na wewe."

Mahari ikitoka, kamati inaingia. Sheria hiyo hiyo hutaka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, na Kanisa hutangaza Jumapili tatu. Kamati ya harusi huona hayo ni mambo ya watu wenye haraka. Yenyewe hutaka miezi, mwenyekiti, mhazini, kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya mapambo, na kundi la WhatsApp ambamo usiku wa manane hubandikwa orodha ya ambao hawajakamilisha ahadi. Mimi huteuliwa kuwa mlezi. Mlezi ni mtu anayechangia bila kuulizwa maoni. Na siku hizi harusi haiji peke yake: kwanza kicheni pati, kisha sendofu, ndipo ndoa, na kila moja ina sare yake ya rangi ambayo mwanamume wa umri wangu hukutana nayo kwa mara ya kwanza. Nina shati la rangi wanayoiita pichi. Nilikaa masijala miaka yote ile bila hata jalada moja la rangi hiyo.

Ukumbini huwekwa meza ya mbele, ambako huwezi kumng'ata kuku kwa mkono kwa sababu ya kamera. Ndafu inakatwa, shampeni inafyatuka, halafu MC anatangaza kwamba wajomba sasa watakuja na zawadi yao, na watakuja wakicheza. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hali ya goti.

Zikipungua harusi, yanaiva mahafali. Zamani mtu alivaa joho akitoka chuo kikuu. Siku hizi mtoto wa chekechea, ambaye bado anafungwa kamba za viatu, anavaa joho na kofia ya pembe nne na kupigwa picha akiwa amekunja uso wa mwanasheria. Wazazi wako kazini, kwa hiyo mgeni rasmi nani? Mstaafu, kwa sababu ana suti na yupo tu. Msiufurahie wadhifa huo. Mgeni rasmi hukalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, hutazama ngonjera, kisha husomewa risala. Risala huanza na sifa zako, na unapoanza kuziamini inaingia aya ya changamoto: shule haina mashine ya kudurufu, uzio haujakamilika, na watoto wanahitaji bembea. Msomaji anafunga karatasi, watu wote wanageuka kunitazama. Pensheni ya mwezi huo hufia pale pale mbele ya bembea ambayo haijajengwa.

Likizo ya kweli imebaki moja, nayo napewa na Kanisa: Kwaresima. Siku arobaini, hakuna harusi. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya dada zangu wameolewa kwa Waislamu, na upande huo unakwenda kwa mwezi mwandamo. Ramadhani ikiwa mbali na Kwaresima, huku wakifunga kule wanafungua, na mjomba haoni mapumziko. Mwaka 2025 Mola alinihurumia. Mwezi wa Ramadhani ulianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia Machi 5. Ukoo mzima ukatulia kwa pamoja, Wakristo na Waislamu, na mimi nikalala mchana bila kuweka simu chini ya mto. Idd ilipoingia mwisho wa Machi ukafunguliwa upande mmoja, Pasaka ya Aprili 20 ikafungua wa pili, na mwezi wa Mei nauona kwenye picha za watu wengine tu, nimevaa pichi.

Katika utulivu ule wa Machi ndipo nilipokaa mezani, nikaandika dokezo kwa mtindo wa masijala, lenye kichwa cha habari, aya zilizopewa namba na mapendekezo mwishoni. Nilipendekeza wajomba nao wawe na umri wa kustaafu: kwa hiari 55, kwa lazima 60. Anayestaafu akabidhi daftari la michango, orodha ya washenga na shati la pichi kwa mpwa mwenye nguvu. Mpwa mwenyewe nilimtaja, ana miaka thelathini na kitu, ana gari, goti lake zima.

Tulikaa baada ya Pasaka. Mpwa alikuwa wa kwanza kuzungumza, akasema jambo hili ni zuri ila yeye ana kazi. Dada zangu walilipitia dokezo langu aya kwa aya, wakausifu mwandiko, wakasema kweli mambo hayawezi kuendelea hivi. Waliafiki kwa kauli moja kwamba lazima iundwe kamati ya kuangalia kustaafu kwa wajomba, ipite kwa ndugu wote, iwasikilize na ilete taarifa. Mwenyekiti alitakiwa awe mtu mwenye muda. Kikao cha kwanza ni Dar es Salaam, Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilipouliza nauli atalipa nani, walinitazama kwa mshangao wa dhati kabisa. Mstaafu si ana pensheni?