Chokaa Haimtibu Mwenye Chumvi Pungufu

*Mshauri, dhahabu imenikubali. Nimejenga Geita mjini, na sebuleni nimesimamisha tangi la lita 400 la maji ya chumvi lenye matumbawe, vibali vyote vipo. Fundi alipima kalsiamu akapata 370, akasema bahari ina 420. Tangu siku hiyo kila asubuhi namwaga kikombe cha chokaa ya kuchenjulia marudio. Maji yamekuwa meupe, matumbawe yamenuna, kipimo kimeshuka hadi 350. Niongeze viwe vikombe viwili? – Tajiri Mwenye Tangi*

Ndugu Tajiri, weka kikombe chini kwanza. Unanunua dhahabu kwa mizani ya desimali mbili na hukubali hata vumbi lipotee, lakini chokaa unaikadiria kwa jicho. Tangi lako lilipungukiwa miligramu 50 kwa lita, yaani gramu 20 za kalsiamu kwa tangi zima, tena kama kweli zilipungua. Hapo kwenye "kama kweli" ndipo penye kesi yote. Namba ya kalsiamu ikisimama peke yake haisemi lolote mpaka uijue chumvi ya maji hayo na alkali yake. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na kalsiamu ni sehemu ya chumvi hiyo, hupanda na kushuka nayo. Aliyechanganya chumvi mpaka 31 tu, akadhani imetosha, atapata kalsiamu ya 372 bila tumbawe hata moja kula chochote. Sasa linganisha na 370 ya fundi wako. Simshitaki, ila ningependa kujua kama alipima chumvi kabla ya kutoa hukumu.

Utaniambia tatizo ni maji ya huku. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana kalsiamu kidogo mno, na kwa tangi hilo ni neema, kwa kuwa kalsiamu inatoka kwenye chumvi uliyonunua na wala haitoki bombani. Wa kuogopa zaidi ni mwenye kisima katika sehemu za Shinyanga ambako maji yana floridi nyingi. Huyo asichanganye chumvi kabla ya kujua anachochanganyia.

Sasa alkali, yaani akiba ya kaboneti majini, ambayo barua yako haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti: kila likichukua miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, linachukua pia karibu digrii 2.8 za alkali. Bahari ina kalsiamu 420, lakini alkali yake ni digrii 7 hivi. Kwa ujenzi uleule, basi, kalsiamu inapungua kwa asilimia 5 tu wakati alkali imeshapungua kwa asilimia 40. Kipimo cha matone kinachogeuka kutoka waridi hadi bluu kinaweza kukosea miligramu 20 bila aibu yoyote, kwa hiyo anayesubiri kalsiamu imwambie kuna njaa atachelewa. Wapo wanaouliza: kama vipimo vinakosea hivyo, kupima kuna faida gani? Faida iko kwenye mwelekeo. Pima kila wiki, saa ileile, kwa kipimo kilekile, uandike; kosa la kipimo kimoja litabaki karibu lilelile, na mteremko utauona. Anayeruka juu kwa namba moja ndiye aliyekosa faida.

Na kwa nini chokaa imeshusha kalsiamu badala ya kuipandisha? Wachenjuaji wa Geita na Kahama wanalijua jibu nusu. Kwenye marudio, yaani mchanga wa dhahabu unaochenjuliwa upya kwa sayanaidi, wanatia chokaa ili pH ikae 10 au zaidi, kwa kuwa ikishuka karibu na 9.2, nusu ya sayanaidi inageuka gesi ya sumu. Kule chokaa inatafutwa kwa ukali wake. Tangi linataka pH ya 8 na kidogo. Ukimwaga kikombe kwa mpigo, pH inaruka, kalsiamu na kaboneti zinashikana majini na kuwa chembe nyeupe. Weupe unaouona ni kalsiamu yako mwenyewe ikielekea sakafuni, na magnesiamu ikiwa chini ya ile 1,290 hivi ya bahari, kalsiamu inakimbia zaidi. (Kisiwani Mafia watu walichoma matumbawe kupata chokaa; wewe unajaribu kurudi kwa njia ileile.) Maji safi ya chokaa, yaliyotulia na kudondoshwa taratibu usiku, hulisha tangi vizuri, lakini huleta kalsiamu na alkali kwa uwiano uleule wa matumizi ya tumbawe. Hayawezi kusawazisha zilizopishana. Kalsiamu ikibaki pungufu baada ya chumvi kufika 35, dawa ni kloridi ya kalsiamu, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na chokaa ya marudio iache kwenye marudio, maana hakuna aliyeisafisha kwa ajili ya viumbe.

Msomaji wa Kahama ameuliza kama karatasi za pH za kazini zinamtosha. Hazitoshi. pH ya 8.2 inaweza kukaa na kalsiamu ya 300 au ya 450, na karatasi ikatoka na rangi ileile.