Ustahimilivu wa Mlipakodi

Nchini Kenya, ritani ya kodi ya mapato, yaani taarifa ya alichopata mlipakodi mwaka uliotangulia, hupokewa na Mamlaka ya Mapato kupitia mfumo wa mtandaoni wa iTax tangu Januari 1 hadi Juni 30, muda ambao raia mwadilifu huutumia kikamilifu kwa kutofanya lolote hadi usiku wa Juni 29. Hapo ndipo vibanda vya saiba hufurika watu wanaosaka nywila walizosahau na fomu ya P9, ambamo mwajiri huonyesha mshahara na kodi aliyokata. Hata asiye na kipato, ambaye hudaiwa ritani ya sufuri, hupanga foleni na kumlipa mhudumu ili aithibitishie serikali kwamba hana kitu. Akichelewa kuuthibitisha ufukara huo, faini ni shilingi 2,000.