Namna ya Kuliua Greda kwa Zamu Mbili

Anayetaka kuliua greda la barabara hahitaji nyundo. Aliweke tu mikononi mwa watu wa zamu mbili, kisha aache matengenezo yaende kwa mdomo. Dereva wa mchana ataamini oili iliangaliwa usiku, wa usiku ataamini iliangaliwa mchana, na fundi atasubiri kuitwa. Wote ni wachapakazi, na injini itanoki vilevile. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawa hata hawajakutana.

Ukitaka liishi, tafuta karatasi, kalamu na kamba. Andika mambo yasiyozidi kumi: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya haidroliki, breki, upepo wa matairi, feni belti, chujio la hewa, grisi. Kila jambo liwe na nafasi ya saa na sahihi. Ifunge ndani ya kebini, maana karatasi iliyo kabatini kwa bosi haijawahi kupima oili. Anayetoka ajaze mbele ya anayeingia, greda likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kitambo. Hapo ndipo kijiti cha oili husema kweli.

Usiandike mambo sitini. Orodha ndefu hutiwa vema zote kwa mkupuo, dereva akinywa chai, na hiyo ni mbaya kuliko kukosa orodha kabisa, kwa sababu inamdanganya fundi.

Atakayesema uzoefu unamtosha, mpe habari ya Ohio, Marekani, tarehe 30 Oktoba 1935. Ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilirushwa na marubani hodari, ikaanguka kwa kuwa kifungo kinachozuia usukani ndege ikiegeshwa hakikufunguliwa. Wawili walikufa. Wenzao wakaandika orodha fupi, na aina hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ndege ya kivita ya B-17.

Au mpeleke Ifakara, Tanzania. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya upasuaji ya WHO, yenye mambo 19. Matokeo ya jumla yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Daktari bingwa amekubali kuulizwa kabla ya kushika kisu. Dereva wa greda naye akubali.

Nawe msimamizi, anayeandika "oili imepungua" usimgombeze. Ukimgombeza leo, kesho ataandika "sawa", na utanunua injini.