Pampu Haina Wazimu

Hongera, bwana tajiri wa boti pale hori ya Kilifi. Usiku wa manane pampu ya maji matamu inanguruma, mifereji yote imefungwa, nawe unaiita mbovu. Ushanunua mpya. Nayo inanguruma, masikini, maana kazi yake ni kuwaka presha ikishuka, na presha inashuka kwa kuwa maji yanatoka mahali. Chovya kidole kwenye maji ya ngama, kule chini kabisa ya boti, uonje, kama dizeli haijatangulia humo. Yakiwa ya chumvi, achana na pampu, bahari inaingia. Yakiwa matamu, kausha ngama, kisha pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo: chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye vali ya usalama ya hita, ambayo hudondosha kidogo maji yakipata moto, bila kosa lolote. Karatasi haidanganyi, na bei yake haifiki ya pampu. Lakini wapi! Fundi wako kaanza kwa kung'oa sakafu ya msaji. Klipu ya bomba iliyolegea iko nyuma ya droo ya vijiko, inadondosha taratibu. Si mnalipana kwa siku? Mwache afanye bidii.