Mikeke ya Mojave

Mchezo wa Fallout: New Vegas humuua mchezaji kabla hajabonyeza chochote. Wewe ni tarishi, umetumwa kupeleka kifurushi, ukatekwa njiani. Unafumbua macho mikono imefungwa, kaburi limekwisha chimbwa, na mbele yako amesimama bwana mmoja mwenye koti la miraba, anakuomba radhi kwa maneno matamu. Anapomaliza anakupiga risasi ya kichwa. Roboti inakufukua, daktari wa kijiji anakushona, nawe unaondoka kumsaka yule bwana, jina lake Benny, katika jangwa la Mojave. Ni mwaka 2281, na dunia ilikwisha kuteketezwa kwa mabomu ya nyuklia mwaka 2077.

Hiyo bastola yake ina jina: Maria. Imepakwa nikeli, imenakshiwa, na kwenye mpini kuna sura ya Bikira Maria wa Guadalupe. Ukiondoa mapambo hayo, inabaki bastola ya milimita 9 inayokula risasi 13, na wanaojua silaha hawahitaji kuambiwa imefuatisha ipi. Ni Browning, iliyoanza kutoka kiwandani Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935. John Browning mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1926, akiwa hukohuko Ubelgiji, na kazi ikamaliziwa na Dieudonné Saive. Na bomu la atomiki la kwanza kuangushwa juu ya mji, lile la Hiroshima mwaka 1945, sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, hapahapa kwetu Kongo. Kwa hiyo Wamarekani wametunga hadithi ya mwisho wa dunia ambayo urani yake ni yetu na bastola yake ni ya waliotutawala. Senti ya utunzi hatujaiona.

Kwetu mchezo huu uliingia kwa bahati mbaya. Mpwa wangu alinunua PlayStation 3 iliyotumika huko Bujumbura, akaivusha mpaka wa Kavimvira imeviringishwa kwenye kitenge cha dada yangu, baada ya kuapiwa kwamba ndani mna mpira wa miguu. Kufika nyumbani Kimanga, mjini Uvira, kuchomeka, mpira hakuna. Diski ilikuwa moja tu, tena imenasa tumboni mwa mashine. Haikutoka kwa kitufe, haikutoka kwa kisu cha mkate, haikutoka kwa maombi. Vijana wa mtaa waliokuja kumtazama Messi wakawekewa Benny. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa amebeba kiti chake kutoka nyumbani, waliona aibu kukirudisha mapema, wakakaa.

Watazamaji wa Uvira hawajui kunyamaza. Shujaa alipoinama kunywa maji ya bwawa, na kipimo cha mionzi kikaanza kutatarika, sauti ilitoka nyuma: "Atie klore kwanza!" Sisi kipindupindu tunakijua kwa sura, maji hatuyafanyii mzaha. Kuhusu fedha mjadala ulikuwa mrefu zaidi. Huko Mojave watu hununua na kuuza kwa vizibo vya chupa za soda. Vijana walicheka sana, mpaka kambista mmoja, mbadilisha fedha wa mtaani, aliyekuwa amekaa mlangoni akauliza: kizibo kilichopinda kinapokelewa? Mpwa akajibu kinapokelewa. Kambista akatafakari, kisha akasema hiyo ni nchi yenye serikali nzuri. Hapa kwetu noti ya dola ikichanika ukingoni kwa upana wa ukucha hairudi sokoni tena, na mwenye nayo hutazamwa kama mhalifu.

Balaa lenyewe lilitokana na ufundi. Katika mchezo huu bastola huchakaa. Kila unapopiga, uzima wake unapungua, na ukitaka kuitengeneza unatafuta nyingine ya aina hiyo, unaitoa vyuma vyake na kuviweka kwenye yako. Maana yake ni kwamba mchezaji na washauri wake kumi na watano hushinda wakijadili hesabu za silaha: zimebaki risasi ngapi, ipi iuzwe, ipi ivunjwe. Nyumba zetu zimebanana, kuta ni nyembamba, na vijana hawashauriani kwa kunong'ona. Fikirieni, katika mji huu, ambako mtoto wa darasa la kwanza hutofautisha mlio wa bunduki na mlio wa embe likidondoka juu ya bati, saa nne usiku mnasikia kwa jirani: "Bastola ziko nne! Uza mbovu, tununue risasi!"

Asubuhi mzee wa nyumba kumi alikuja, amevaa koti.

"Baba, habari ya hapa. Nasikia mnauza."

"Tunauza nini, mzee?"

"Mimi sijataja kitu. Nasikia tu mnauza kibovu."

Nikamweleza kuwa ni mchezo, uko ndani ya televisheni, aingie aone. Akaingia. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Tukamwonyesha televisheni nyeusi. Akaitazama kwa muda, akatutazama sisi, akasema atasubiri. Alisubiri kweli, mchana kutwa, akala chakula cha mchana na cha jioni, na umeme uliporudi usiku akatazama mpaka kiti cha mwisho kilipobebwa. Hukumu yake ilikuwa ya haki: mchezo uendelee, ila yale maneno yasisikike tena jua likizama.

Vijana wakaunda lugha yao, ya majina ya samaki wa ziwani. Bastola ikawa mukeke. Risasi zikawa ndagala. Bunduki kubwa zikaitwa sangala. Mtaa ukalala kwa amani, na mimi nikajisifu kwamba nina mpwa mwenye akili.

Kisha mwezi ukajaa. Wasiokaa kando ya Tanganyika huenda hawajui: ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanaufuata mwanga, wavu unawapandisha. Mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa kazi, wavuvi wanapumzika, mitumbwi inalala Kalundu, na sokoni bei inapanda hadi akina mama wanaanza kusalimiana kwa ukali. Ni katika usiku wa namna hiyo, mwezi unang'aa juu ya milima ya Mitumba hadi unaweza kuchambua mchele nje, mpwa wangu alipiga kelele iliyofika barabarani: "Tuna ndagala mia mbili! Na mikeke minne! Huo mmoja umeharibika, uza haraka!"

Kabla hakujapambazuka vizuri, wanawake watatu walikuwa mlangoni na mabeseni.

"Hodi. Tumekuja kwa ile mikeke."

"Mama zangu, hapa hakuna samaki."

"Mwanangu, usitufiche. Hata ule ulioharibika tutauchukua. Tutaukausha."

"Kweli hakuna."

"Na mmevua wapi, na mwezi huu?" aliuliza wa pili, akichungulia chini ya meza kwa heshima zote.

Nilibaki na njia moja tu, kusema ukweli. Nikasema mikeke ni bastola na ndagala ni risasi. Walinyamaza. Hakuna hata mmoja aliyeogopa, na hilo ndilo lililoniumiza. Walinihurumia. Mtu anayeficha samaki husema wameisha, au wameliwa na paka. Anayeficha samaki kwa kudai nyumba yake imejaa bastola ni mchoyo wa aina ambayo ziwa hili halijawahi kuiona. Habari zilitangulia sokoni. Mke wangu aliuziwa mukeke kwa bei ya watu wa mashirika, akaambiwa aende akaupike pamoja na ile yake minne.

Mama mkubwa aliingia katika mambo haya baadaye, naye aliingia kwa mlango wa kanisa. Ni mwana-Legio ya Maria wa miaka mingi, na kwake televisheni yote ni shetani isipokuwa siku ya misa ya Papa. Alikuja kutukemea. Mpwa, akijitetea, akamwonyesha kwenye simu picha ya bastola ya Benny, ili aone kwamba hata humo ndani Mama Maria yumo. Mama mkubwa akavaa miwani.

"Huyu ni Mama yetu wa Guadalupe."

"Ndiyo, Bibi."

"Anafanya nini mkononi mwa mcheza kamari?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akavuta kiti, akaketi mbele kabisa, akaagiza Mama Maria akombolewe. Kuanzia jioni hiyo tulikuwa na kamanda. Kila tulipotaka kupotea porini kutafuta vitu vya kuuza, aliuliza kilichotupeleka huko wakati Benny yuko mjini. Tatizo ni kwamba mjini hamwingiliki bure: walinzi wa geti wanataka uwaonyeshe vizibo 2000, la sivyo roboti zinakufyatulia. Mpwa akauza mikeke yake yote, ya kupigia na ya akiba. Kambista alitoka nje kwa uchungu, hakutaka kushuhudia biashara ya namna ile.

Ndani ya kasino ya Tops, anakokaa Benny, walinzi hukupokonya silaha mlangoni. Mama mkubwa alilipenda sana hilo, akasema lingefaa baa fulani za kwetu. Benny akatukaribisha chumbani kwake kwa maneno yake matamu, tukapanda, na kidole cha mpwa kilipokaribia kitufe, umeme ukakatika. Wengine walilia. Mama mkubwa akasema huo ni muda wa rozari, tukasali gizani, vijana wa Kiislamu wakisubiri kwa adabu.

Kesho yake usiku bastola ilipatikana, na Benny akalala pale alipostahili. Tulipiga vigelegele, safari hii bila kujali nani anasikia. Mpwa akaishika Maria, akailenga kwenye mlango, aone inavyopiga.

"Weye!" akasema mama mkubwa. "Utampigisha Mama wa Mungu risasi?"

Ikabidi iwekwe mahali safi. Iko ndani ya kabati, katika chumba cha hoteli ya Lucky 38, na amri ni kwamba isitolewe. Tangu hapo shujaa wetu huzunguka jangwani na fimbo ya gofu, na kwa fimbo hiyo hukabiliana na majoka yenye kucha ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Hafiki mbali. Jioni nzima ni kufa na kufufuka, na mama mkubwa, kwenye kiti chake cha mbele, ameanza kukata tamaa naye.

"Mbona huyu mtoto anakufa ovyo?" anauliza. "Si mumpe hata mpini wa jembe?"