Jinsi ya Kurudi Kijijini Bila Kushukiwa

Kabla hujafunga begi, chagua uongo. Uliondoka Ugogo na sanduku la bati, mwaka mmoja au miwili baada ya kumaliza darasa la saba. Sasa umestaafu, kiinua mgongo kimeingia, na unachotaka ni kwenda tu kuona ulikokulia. Hakuna atakayekuamini. Mtu anayerudi baada ya miaka arobaini huwa anafuata kura, tiba au ardhi. Hamu ya nyumbani haihesabiwi, kwa sababu mwenye hamu, wanavyojua wao, angekuja kwenye msiba wa mama yake mkubwa.

Nakushauri uchague maumivu ya mgongo. Hayaonekani, hayamtishi mtu, na yatakupatia kiti chenye egemeo. Kura usiiguse hata kwa mzaha, la sivyo kufikia jioni utakuwa umelipia pombe ya wajumbe usiowajua.

Halafu amua unarudi kijiji kipi, maana mtu wa umri wako ana viwili. Kuna kule ulikozaliwa, kwenye tembe la babu karibu na mbuyu, na kuna hapa mlipoletwa wakati wa Operesheni. Operesheni Dodoma ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Lori likaja, likapakia magunia, kuku na bibi, likawashusha kwenye nyumba zilizopangwa mstari. Kule nyuma kukawa mahame. Ubaya wa kumbukumbu ni kwamba haikuhudhuria mkutano wa kuhamia: yenyewe mpaka leo inalala mahameni, na ndiko itakakokuvuta asubuhi ya kwanza.

Nenda, ila uende na adabu za kisheria. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa waliohamishiwa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, ukiwemo ule uliofanywa kinyume cha sheria. Usikimbilie mbele, rudia hapo mwisho: ukiwemo ule uliofanywa kinyume cha sheria. Haki za zamani juu ya ardhi hiyo zikafutika. Kwa hiyo kama shamba la babu liligawiwa mtu katika miaka ile, lina mwenyewe, na mwenyewe huyo sasa amesimama ukingoni na jembe, anakutazama.

Hapa miguu ndiyo ya kuchunga. Usitembee kwa hatua ndefu zilizonyooka, huko ni kupima. Usisimame ukakunja uso kuelekea mlimani, huko ni kutafuta mpaka. Picha piga ya mbuyu peke yake, tena kwa karibu, gome lijae kwenye simu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, mtu mgeni akiinama kufunga kamba za viatu watu hutazama kama ameacha bikoni. Mzee mmoja atakusogelea, atapokea shikamoo yako vizuri kabisa, kisha atauliza kwa upole: “Mwanangu, wapimaji umekuja nao au wanafuata?”

Cheka. Asipocheka naye, taja mgongo.

Ofisi ya kijiji huikwepi. Mtendaji, kijana aliyezaliwa miaka mingi baada ya wewe kuondoka, na pengine kwao ni Kagera, atakusogezea kitabu cha wageni. Utajiandikisha ugeni mahali ulipochungia mbuzi. Jina ni rahisi. Unakotoka, andika Dar es Salaam bila kuona haya. Tatizo ni safu ya madhumuni. Usiandike “kutembelea nyumbani”. Neno nyumbani kwenye kitabu cha serikali linanukia madai. Andika “kusalimia”, kama walivyoandika wote waliokutangulia, pamoja na yule aliyeondoka na ekari ishirini.

Salamu zina mtego wake. Yule bwana mwenye mvi na fimbo unayetaka kumwamkia shikamoo ndiye mliyeiba naye karanga za shamba la shule. Subiri akuanze. “Mbukwa” yako itoe kwa sauti ya chini, kwani lafudhi ya Kariakoo hujitokeza hata kwenye neno moja. Zawadi mkabidhi shangazi agawe yeye: sukari, sabuni, vitenge. Nguo ulizozichoka ziache Dar. Na ugali wa uwele kwa mlenda kula ushibe. Anayedonoa ameshaonyesha kwamba hakuja kukaa, na asiyekuja kukaa amekuja kuchukua.

Siku ya kuondoka, aga mapema na usiahidi chochote, hata kwa kutikisa kichwa. Haitasaidia. Kabla basi halijafika Morogoro utakuwa umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la ujenzi wa zahanati, na mweka hazina atakuwa ameshabandika orodha ya ahadi. Jina lako litakuwa la tatu, chini ya mbunge na paroko, kiasi kikiwa kimejazwa tayari. Usiulize nani alikijaza. Uliza namba ya kutumia, na tuma na ya kutolea.