Baiskeli Isiyo na Karia

Ukitaka kujua umri wako, anguka barabarani. Mtoto akianguka watu hucheka, kijana akianguka huzomewa. Mimi nilipoanguka pale Misugusugu, chali, baiskeli imenilalia kifuani kama paka, vijana wa kijiwe cha bodaboda walisimama wote, mmoja akavua helmeti, wakasema kwa pamoja: "Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikaitika nikiwa hapo hapo chini. Ningefanyaje? Salamu ni salamu. Mmoja akaongeza, "Za nyumbani?" Nikamwambia nzuri.

Baiskeli yenyewe ni BMX. Kwa asiyeijua: magurudumu ya inchi 20, usukani umesimama kama pembe za ng'ombe wa Kisukuma, kiti kimechuchumaa karibu na cheni, na pale katikati ya gurudumu la nyuma vimechomoza vyuma viwili, kimoja kila upande, vinene kuliko kidole gumba. Haina madigadi, haina kengele, haina karia. Breki ilikuwa nayo moja, ya mbele. Ya nyuma muuzaji alisema fundi yeyote ataiamsha.

Chanzo chake ni watoto wa California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliotamani kushindana kama watu wazima wa pikipiki za matopeni, ila pikipiki hawana. Utoto ule ulikua mpaka mwaka 2008 ukaingia Olimpiki ya Beijing: watu wanane wanaachiwa kwa pamoja kutoka juu ya mteremko wa mita nane, wanaruka vichuguu mpaka mwisho. Wanariadha wale wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Mimi nina 52.

Lakini hili lilikuwa deni, na deni halina umri. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 12. Baba alikuwa ametoka Tabora kuja kutunza bustani Kibaha, kwenye Shirika la Elimu, lile ambalo nchi za Nordiki zililianzisha mwaka 1963 zikalikabidhi kwa serikali mwaka 1970. Nyumbani tulikuwa na Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini, nzito kama mlango wa ghala. Nilijifunzia hiyo, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya mwamba kwa sababu juu sifiki, mwili umepinda kama ndizi. Basi mtoto wa bosi mmoja akaletewa BMX nyekundu. Nchi ndiyo kwanza inaanza kuonja ruksa ya Mzee Mwinyi, watu bado wanasimuliana habari za sabuni, na yule ana BMX! Alikuwa na akili ya biashara pia: raundi moja, korosho kumi, ziwe zimeshabanguliwa. Nilihangaika na korosho wiki nzima, midomo ikababuka kwa utomvu. Nikapanga foleni nyuma ya watoto saba. Zamu yangu ilipofika, malipo nimeshakabidhi, usukani nimeshaushika, mama yake akamwita akale. Akaondoka na baiskeli. Korosho nazo akaondoka nazo.

Kwa hiyo siku nilipoiona nyingine, nyekundu vile vile, imening'inizwa kwenye mitumba jijini Dar, sikuuliza bei mara mbili.

"Ya mjukuu, mzee?" muuzaji akauliza.

"Ndiyo."

Uongo mdogo, wa heshima. Konda wa basi naye akauliza, nikamjibu ya mjukuu, akanipunguzia hela ya mzigo. Nikashuka Misugusugu, pale yanapopanga foleni malori ya Zambia na Kongo kusubiri ukaguzi, utingo mmoja akaniwahi kuipokea: "Mjukuu atafurahi, babu." Nikamshukuru kwa niaba ya mjukuu.

Tatizo ni kwamba sina mjukuu. Binti yangu mkubwa hajaolewa, mdogo wake yuko kidato cha nne.

Mke wangu alinyamaza siku mbili. Mke wangu akinyamaza siku ya kwanza anapanga, siku ya pili ameshapanga. Siku ya tatu aliniwekea ugali na kisamvu, akaketi mkekani, akaniuliza taratibu kama daktari:

"Baba watoto, huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye baiskeli."

Tonge likasimama. Kumbe huko gengeni kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatoka. Mtoto yuko Mlandizi, walisema, ingawa kulikuwa na kundi lililoshikilia kuwa ni Chalinze. Mama mmoja alikuwa amemwona kwa macho yake, ana masikio yangu.

"Baiskeli ni ya kwangu mimi," nikasema.

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye mimi."

Akanitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anapima lipi baya zaidi, mume mwenye mtoto wa nje au mume huyu. Kisha akasema, "Kama ni yako, ipande tukuone."

Ndiyo maana nilipanda. Nataka ieleweke hivyo. Watu wanadhani niliingia barabarani kwa kiherehere, kumbe nilikuwa natoa ushahidi. Jumamosi, saa kumi jioni, majirani wamekaa vibarazani, mmoja kaja na ungo wake wa mchele anachambua huku anatazama, na kijiwe kizima cha bodaboda kimezima injini kwa adabu.

Nikajipa moyo kwa kumkumbuka Dennis McCoy, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1966, ambaye alivuka miaka 45 bado anashindana kwa BMX kwenye mashindano ya X Games na vijana wa umri wa kuwa wanawe. Nilichosahau ni kwamba McCoy hakupumzika miaka arobaini katikati. Kiti ni cha chini mno. Kila nikikanyaga pedali, goti linapanda mpaka kwenye usukani, nikilikwepesha linatokea pembeni, nikawa naenda kama kaa. Usukani unageuka kabla hujaamua. Ile Swala ya baba ilikuwa kama jahazi, unaiambia leo inakata kona kesho. Hii ukitazama mti tu, imeshaufuata.

Hata hivyo nilikwenda. Hatua hamsini, mia. Nikasikia kigelegele, nadhani cha kebehi, lakini upepo ulikuwa mzuri na mimi nilikuwa na miaka 12. Mbele kukawa na tuta, lile la udongo ambalo wenyeji wamelipandisha wenyewe kupunguza mbio za bodaboda. Mtu mzima angelizunguka.

Sikuruka juu sana. Mke wangu anasema gurudumu halikuacha ardhi. Mimi nasema liliacha, na nafasi ilitosha kupitisha kiganja. Kosa lilikuwa moja tu: kule juu niliogopa, nikakamata breki. Breki ile ile moja, ya mbele. Gurudumu likatua limefungwa, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea na safari. Halafu nayo ikanifuata.

Kwenye zahanati muuguzi alikuwa anajaza fomu.

"Ajali ya pikipiki?"

"Baiskeli."

"Uligongwa?"

"Hapana. Niliruka tuta."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama, akamtazama mke wangu, mke wangu akatazama dirishani. Nadhani kwenye fomu aliandika "kuteleza". Mungu ambariki.

Wiki nzima nilikandwa kiuno kwa maji ya moto na chumvi, na kila asubuhi mtani wangu Mzaramo, muuza mkaa, alipita kunijulia hali. Sisi Wanyamwezi na wao tunataniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna pa kumshtaki. "Mnyamwezi gani wewe?" aliniambia, kaegemea mlango. "Babu zako walibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Wewe unaendesha kitu kisichobeba hata kitunguu." Kisha akaigeuza ile BMX, akatafuta karia chini, juu, nyuma, kana kwamba nimeificha.

Huyu mtu amenizidi miaka minane. Ujana wake aliumalizia upande wa Kisarawe, akishusha magunia ya mkaa usiku kwa baiskeli kupitia milima ya Pugu ili alfajiri imkute mjini. Siku nilipoweza kukaa kibarazani nikamwambia, haya, panda wewe.

Akapandisha suruali, akaipanda na katambuga zake. Hakukaa. Alisimama juu ya pedali, magoti yamelegea, akaenda. Alipofika kwenye tuta aliivuta kidogo kwa mikono, ikapita juu kama mbuzi anavyoruka mtaro, ikatua kwa gurudumu la nyuma. Akageuka, akarudi kwa kasi, na breki hakuigusa. Alipeleka mguu nyuma, akakandamiza soli ya katambuga juu ya tairi, akasimama mbele yangu, vumbi halikumfikia. Wamarekani wanaoendesha BMX bila breki husimama hivyo hivyo, kwa soli ya kiatu. Nimewaona kwenye video, wanashangiliwa. Yeye alijifunza akiwa na magunia matatu nyuma na mteremko wa Pugu mbele.

"Nyepesi," alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia mchuzi. "Kamchomelee karia."

Sijachomelea. Imeegemea ukutani, nyuma ya pipa la maji, na kiuno kimerudi karibu chote.

Jana jioni, adhana ya magharibi imeshaisha, njia imebaki tupu, mke wangu alitoka kuchota maji akasimama pale. Akainama, akagusa vile vyuma viwili vya nyuma. Watu wote wa Misugusugu wameniuliza habari za karia. Vyuma hakuna aliyewahi kuviuliza.

"Hivi vya nini?"

"Vya kusimamia. Mtu wa pili."

Akatazama njia upande wa barabara kuu, akatazama na upande wa mashambani. Akaweka ndoo chini. Akavua kandambili, akakaza kanga kiunoni.

"Usiruke tuta."

"Siruki."

"Na tukikutana na mtu," akasema, mikono yake imeshafika mabegani mwangu, "sema tunaipeleka kwa mjukuu."